Video Mbaya Kuliko Zote za Pwani

Kesho yake baada ya kumzika Mwanahawa, binti yake Zena alinifuata ndani tulikokaa wanawake, akachuchumaa mbele ya mkeka wangu na kuniuliza swali nililokuwa nalikimbia tangu niliposhuka kwenye basi pale Kisarawe. "Mamdogo, wewe kazi yako video. Umekaa na mama Kibaha mwaka mzima, mimi sijazaliwa. Huna hata moja yake? Hata fupi?" Nilimwambia sina. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia. Miaka yote hii nimepiga harusi za watu nisiowajua, nimepiga mahafali, nimepiga uzinduzi wa visima na mikutano ya vijiji kule Kwala kabla viwanda havijafika, na kabatini kwangu zimejaa kaseti ambazo hata mashine ya kuzichezea imeshakufa. Mwanahawa hayumo katika hata moja. Si kwamba sikumpiga. Nilimpiga jioni nyingi za mwaka ule, na kila jioni iliyofuata nikamfuta. Zena aliinuka na sinia lake la vikombe, nami nikabaki nimekaa pale nikiona aibu huku watu wananipa pole.

Habari za kwetu nitaziacha. Inatosha kusema kwamba mimi ni Msukuma, kwamba wakubwa zangu walihamia Pwani na ng'ombe wao, na kwamba niliingia Kibaha nikiwa msichana aliyeshindwa mambo mengi kiasi cha kuacha kabisa kusema anachotaka. Nilichotaka ni kupiga video. Bwana Sefu alikuwa na studio ya picha pale Maili Moja, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la bluu: mbele picha za pasipoti, nyuma televisheni na mashine za kurekodia. Alinichukua kwa sababu moja tu na wala hakuificha, alihitaji mwanamke. Kuna mambo katika sherehe za huku ambayo mwanamume haingii, na wenyewe walikuwa wameanza kutaka nao mkanda wa kumbukumbu. Siku ya kwanza alinionyesha kitufe chekundu akaniambia, "Hiki ukikibonyeza, kaseti inaliwa. Kwa hiyo usibonyeze ovyo ovyo. Subiri kitu cha maana." Alisema hivyo kwa nia njema, kama bosi yeyote anayechunga mali yake. Lakini mtu mwoga ukimwambia asubiri umempa alichokuwa anakitafuta, na mimi nilisubiri kwa bidii zangu zote.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa Mlandizi. Kazi yangu ilikuwa chumba cha bibi harusi, hasa pale bwana harusi anapoletwa ndani kumpa mkono mkewe. Nilisimama juu ya kigoda, kamera begani, kidole juu ya kitufe. Mlango ulipofunguliwa kulikuwa na mgongo wa shangazi mmoja mbele yangu, nikasubiri usogee. Uliposogea akakatiza mtoto na sahani ya pilau, nikasubiri apite. Halafu nikaona mtandio wa bibi harusi umekaa upande, nikajisemea wataurekebisha sasa hivi, hapo ndipo nitaanza. Vigelegele vilipopigwa ndipo nilipotambua kwamba jambo lenyewe limekwisha na bwana harusi anatoka. Nilirudi Kibaha na mkanda wa masufuria, mikeka, feni inayozunguka na watu wanakula. Mama wa bibi harusi alikuja studio kuangalia. Alikaa nyuma ya pazia, mkoba mapajani, akatazama mkanda wote mpaka ulipoanza kutoa chenga, kisha akamgeukia Bwana Sefu na kumuuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu yuko wapi?" Angenitukana, naamini ningepona mapema.

Harusi iliyofuata nilikawia tena, na nilipokurupuka kamera ikagonga fremu ya mlango. Iliyofuata hiyo nilimrudishia Bwana Sefu kaseti ikiwa bado na nailoni yake. Masika yalikuwa yameanza, godoro nililolalia lilinuka unyevu, na mimi nilikuwa nimekata tamaa kwa namna ambayo hata leo naona tabu kuieleza. Nilikuwa naamka alfajiri na kabla sijafumbua macho nakumbuka kwamba mimi ni yule asiyeweza kubonyeza kitufe. Niliomba kila sherehe iahirishwe. Siku moja tulipata habari kwamba bibi harusi mmoja ameshikwa na malaria na shughuli imesogezwa mbele, nikafurahi, halafu nikajichukia mchana kutwa kwa kufurahia ugonjwa wa mtu. Sikuwa na kitu kingine cha kukimbilia, na hicho kimoja nilichokipenda ndicho kilichokuwa kinanionyesha kwamba sina mkono. Nilimsikia Bwana Sefu akilisema neno hilohilo nyuma ya pazia, akizungumza na kaka yake huku mimi nafuta vioo upande wa pili. "Mtoto wa watu hana baya, lakini hana mkono. Kuna mwali anatolewa unyagoni Kisarawe, watu wakishavuna. Nampa hiyo. Akiniharibia na hiyo, aende zake, kamera nimpe mwingine." Nikaendelea kufuta kioo kilekile.

Chumba tulipanga wawili, mimi na Mwanahawa, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuwa akipika kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Kilikuwa nyuma ya soko, kuta hazikufika juu, na upande wa pili waliishi mume na mke waliobishana kila jioni kama wahamie Mlandizi au wabaki. Mke alitaka kuhama kwa sababu ya shamba, mume alikataa kwa sababu ya mama mkwe, na sisi tulizijua hoja zao kiasi kwamba mmoja wao akisahau mahali tulikuwa tunamnong'onea. Mwanahawa alirudi kila jioni nywele zikinuka vitunguu, ameshika bakuli la kilichobaki: wali na maharage, siku nyingine kichwa cha samaki, siku mbaya ukoko mtupu. Siku ya kwanza kuonana aliniuliza kabila langu. Nilipomwambia aliitua ndoo yake chini kwa kishindo. "Ewaa! Mtani wangu! Ndiyo maana nikaona mtu anaingia ndani hata hodi hapigi, nikasema huyu kazoea zizi." Kwa asiyejua, Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu zama za mababu. Mtani wako atakutukana wewe, ukoo wako na ng'ombe wenu, atakuchukulia nyama mnapokula sahani moja, na wewe kununa hakuruhusiwi; ukinuna ndiyo kwanza unamfaidisha. Nilikuwa sijawahi kuishi na mtani chumba kimoja. Wiki ya kwanza nilidhani nitakonda.

Jumapili moja mchana alinikuta nimejifunika shuka gubigubi. Akalivuta shuka. Nikamweleza yote, mama wa bibi harusi, kaseti yenye nailoni, maneno ya nyuma ya pazia, na kwamba nikiharibu Kisarawe basi mimi nimekwisha. Nilitegemea anipe pole. Alikaa juu ya ndoo akasikiliza akichambua mchele, akatoa mawe mawili matatu, kisha akauliza, "Yaani unachoogopa ni kuharibu?"

"Ndiyo."

"Basi tuharibu."

Kesho yake alipompelekea Bwana Sefu chakula chake cha mchana alirudi na kamera ya zamani, ile iliyokataliwa na wateja kwa sababu ya betri yake ya kusuasua, na kaseti moja iliyokwaruzika mwanzoni. Sijui alimwambia nini. Nijuavyo ni kwamba Bwana Sefu alipenda sana maharage yake ya nazi. Jioni hiyo Mwanahawa alinipangia masharti akiwa anakoroga sufuria. Nitapiga kila siku wakati chakula kinaiva, na kikiiva nimeacha. Nitabonyeza pale atakaposema "haya", hata kama mbele yangu kuna ukuta. Ni marufuku kupiga kitu kizuri. "Nataka video mbaya kuliko zote za Mkoa wa Pwani," alisema. "Na tukishaiangalia, kesho unarudisha mkanda mwanzo unapiga juu yake. Hakuna cha kumbukumbu hapa, sisi si maharusi." Nikacheka kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, naye akasema, "Haya!" Nikabonyeza. Nilipiga mfuniko wa sufuria mpaka ugali ukawa tayari.

Basi ikawa hivyo. Nilipiga kuku wa mwenye nyumba akijikuna. Nilipiga ukuta wakati majirani wanabishana upande wa pili, video nzima ni chokaa na sauti ya mume akisema "mama yako, mama yako". Nilipiga visigino vya Mwanahawa, kanga zake kwenye kamba, mikono yake ikipeta, mdomo wake ukiongea mpaka lenzi ikaingia ukungu wa mvuke. Tukishakula tulibananisha vichwa kwenye kioo kidogo cha pembeni mwa kamera na kuangalia, naye akaanza. "Hii umepiga wewe au kaingia ng'ombe wenu akaikanyaga?" "Wasukuma mna kipaji, kuku mzima umemkata kichwa bila kisu." Siku niliyobahatika kupata kitu chenye nuru nzuri, mvua ikianguka kwenye beseni la bati, alinitazama kwa masikitiko. "Leo umenivunja moyo. Si mbaya. Kesho ujitahidi." Nikiwaza leo, naona kwamba mama wa bibi harusi aliuliza swali lake kwa adabu na maneno yake yakanikalia kifuani mwaka mzima, Mwanahawa alinitusi kila siku na hakuna tusi lililobaki hadi asubuhi. Vijana ninaowafundisha sasa wanapiga kwa simu na kufuta mara nyingi kabla chai haijapoa, na wengi wao bado wana woga uleule. Nadhani ni kwa sababu wanafuta wakiwa peke yao.

Ningependa kusema nilipona taratibu, siku hadi siku, lakini haikuwa hivyo. Katikati ya yote hayo nilipelekwa kwenye kitchen party hapohapo Maili Moja, ukumbi mzuri, taa nzuri, na kidole kikaganda tena. Nilisubiri wapange keki vizuri. Wakaikata. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaiweka kamera chini, nikamwambia Mwanahawa mchezo wake haunisaidii kitu, kwamba kupiga kuku anaweza yeyote, kwamba nitakwenda kwa Bwana Sefu mwenyewe nimwambie atafute mtu kabla ya Kisarawe ili nisiaibike mara mbili. Nilikuwa nasema kweli. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu kwenye mfuko. Kwa mara ya kwanza hakuwa na tusi. Alikula polepole, upande wa pili mke akimwambia mume kwamba safari hii anakwenda na watoto, atake asitake. Hatimaye Mwanahawa akanawa mikono, akauliza, "Pale ukumbini nani alikutukana?"

"Hakuna. Watu wa heshima zao wale."

"Ndiyo maana," akasema. "Kisarawe nakuja na wewe. Kwanza ni kwetu."

Jioni ya kabla ya safari nilikataa kupiga chochote. Nilikuwa mgonjwa wa woga. Mwanahawa akavaa kitenge changu, akapachika sufuria begani badala ya kamera, akapanda juu ya ndoo na kuanza kuniiga. Alifumba jicho moja, akaachama mdomo. "Subirini... bado kidogo... huyo kuku apite kwanza... bibi, mgongo wako... bado, bado..." Alisubiri mpaka ndoo ikapinduka akaanguka na sufuria lake, akalala sakafuni bado anasema, "Sasa naanza!" Sikumbuki aliposema "haya". Pengine hakusema. Nilikuwa nimeshabonyeza, nacheka machozi yananitoka, kamera inaruka. Tulipoiangalia nikamwambia hii naomba tuiache, tusiifute. Akakataa, akasema masharti ni masharti. Lakini sikuurudisha mkanda nyuma. Niliitia kaseti mfukoni mwa begi, pembeni ya ile mpya ya Bwana Sefu, nikanyamaza.

Kijiji kilikuwa mwendo kidogo kutoka Kisarawe mjini, watu wameshavuna, maghala yamejaa, ngoma zinapashwa kwenye moto wa makuti. Somo wa mwali, yaani kungwi wake, mama mfupi mwenye sauti nzito, alinipokea kwa kidole. "Ndani huingii na dude hilo. Likivuka kizingiti nalitumbukiza mtungini. Nje piga mpaka uchoke." Nikamwitikia, "Marahaba," nilivyochanganyikiwa, badala ya kumwamkia shikamoo, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mwanahawa akadaka hapohapo: "Msameheni jamani, kwao wanaamkiwa na ndama!" Nikacheka nao. Kidole kilikuwa tayari kiko kwenye kitufe na sikukumbuka kukiogopa. Nilipiga tangu hapo. Nilipiga mlango uliofungwa, nilipiga miguu na vumbi, nilipiga migongo ya mashangazi na sikungoja hata mmoja usogee. Mwali alipotoka amebebwa begani, amefunikwa kanga mbili, nikamfuata nikijikwaa, huku Mwanahawa nyuma yangu akinitukania ng'ombe wote wa Usukumani kwa majina aliyoyatunga. Kisha dada zake wakamvuta kwenye ngoma, nikabaki peke yangu.

Ngoma ilirefuka kuliko nilivyoambiwa. Katika kioo cha kamera ikaanza kuwaka ile alama ya kaseti kuisha, na mwali alikuwa bado hajafunuliwa. Mama yake alikuwa ameshakalishwa kwenye mkeka, somo ameshashika pindo la kanga. Nikapiga magoti, nikafungua begi. Humo mlikuwa na kaseti moja tu, ile ya kuharibia, na ndani yake Mwanahawa amelala sakafuni na sufuria. Niliishika mkononi. Sikuwa nawaza harusi ya Mlandizi wala Bwana Sefu, nilikuwa nawaza kwamba sitaki kumfuta. Yeye aliniona kutoka katikati ya wacheza ngoma, jasho linamtiririka, akaelewa mara moja nimeshika nini na kwa nini sisogei. "Weka!" alipiga kelele. "Weka, we mchunga ndama! Mimi unanionea huruma ya nini, kwani nimekufa?" Nikaitia. Nikasogeza mkanda hadi nikavuka pale palipokwaruzika, yaani hadi pale alipoanzia yeye, nikabonyeza. Kanga ikafunuliwa. Mwali aliinua macho akamtazama mama yake, na mama yake, ambaye alikuwa amepiga vigelegele tangu asubuhi, akakosa sauti, akaweka tu mkono kinywani. Yote hayo nilikuwa nayo.

Bwana Sefu aliutazama mkanda wote nyuma ya pazia akila maharage. "Unatikisika," alisema mwishoni. Akafuta mdomo. "Jumamosi kuna harusi Mlandizi." Nilikwenda kulia uani, nikanawa uso, nikarudi kufuta vioo. Mwanahawa alipouona akatafuta kama kuna mahali popote alipobaki, hata kisigino, hakikuwepo. "Afadhali," akasema, "ungenibakiza nimeanguka." Mwaka ulipokwisha aliolewa, akarudi kwao. Tulitembeleana, tulitukanana kwenye simu. Simu za kamera zilipoenea alikuwa ameshaanza kuumwa, na kila nikiinua simu alijifunika uso akasema nisubiri apone. Nami nikasubiri.

Hayo yote nilimwambia Zena asubuhi iliyofuata baada ya swali lake, tukipanga vikombe. Tulipoviingiza ndani, mama mmoja, ndugu wa marehemu, alikuwa anauliza kwa sauti kama msiba huu hauna mtani, mbona Mwanahawa amezikwa kimya hivi kama mtu asiye na watu. Huku kwao mtani akifiwa na mtani wake huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kusema kama yeye, ili wafiwa wapate kucheka. Nyuso zikanigeukia. Nilitaka kumwambia mama yule asubiri chai iishe, watu wakae vizuri. Badala yake nikaomba kanga ya Mwanahawa. Zena akaileta, nikajifunga, nikasimama katikati ya chumba na kuanza, na nilikuwa mbaya kabisa, sauti nyembamba, kiuno kizito, mwendo si wake. Mtu mmoja akaguna. Nikatambua kwamba Mwanahawa hawezi kuwa Mwanahawa bila mtu wa kumtukana. Basi nikaugeukia mkeka wangu mtupu, nikaushikia kiuno. "We Msukuma! Umekaa hapo unafakamia wali wa msiba, ng'ombe umemwachia nani? Machozi hayo ya kwako au umeazima kwa ndama? Simama uoshe sufuria, mtu mzima unasubiri nini, kuku apite?" Chumba kikalipuka. Zena alikuwa ameziba mdomo, analia na kucheka pamoja. "Hivyohivyo," akasema, "hivyohivyo, Mamdogo, usiache." Sikuacha. Niliutukana ule mkeka mpaka sauti ikakauka, kisha nikaenda kukaa juu yake. Waliniletea maji, wakanishukuru. Mle ndani walijaa Wazaramo, watani zangu wote, na hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi kunitukana.